MUULIZE MJOMBA: Hivi OK imetoka wapi, na huyu mtoto anayeandika "xawa" nimfanyeje?

SWALI: Mjomba shikamoo, za kazi. Mi ni mama wa watoto watatu nakaa Ligula hapa hapa Mtwara mjini, na huu ukurasa wako tunausoma mimi na mume wangu mpaka tunagombania. Juzi nilimtuma binti yangu wa kidato cha pili kwa bibi yake Mikindani apeleke unga na sukari, nikamwambia ukifika nijulishe, basi akanitumia meseji hii naiandika kama ilivyo: "oky mama nmefka xalama bb anaxema axante xana". Nimeisoma mara tatu mpaka kichwa kikaniuma. Nikampigia nikamwambia haya mambo ya kuharibu Kiswahili siyataki, na yeye akanijibu kwa adabu tu wala sio kwa jeuri, akasema mama mbona na wewe kila meseji unaandika OK, sasa OK ni Kiswahili? Kirefu chake nini? Mjomba nilikwama. Miaka yote naandika OK sijawahi kujiuliza. Nisaidie, ni kifupi cha nini, nani kaanzisha, na huyu mtoto anaharibikiwa au nimuache tu? – Mama mzazi, Ligula

JIBU: Marahaba mpwa wangu, na huyo bibi wa Mikindani mfikishie shikamoo yangu. Swali lako nimelipenda sana maana binti yako kagusa penyewe bila kujua, yani angekuwa anaijua historia ya OK angekushinda mchana kweupe, kwasababu OK ni xawa. Namaanisha hivo hivo nilivyoandika. OK ilizaliwa kama xawa ya watu wa Boston kule Marekani, karibu miaka 200 iliyopita, na walioizaa sio watoto wa kidato cha pili, ni wahariri wa magazeti.

Twende taratibu. Kwenye mwaka 1838 na 1839 magazeti ya Boston yaliingiwa na homa ya vifupisho. Watu wazima wasomi, kazi yao kuandika, wakawa wanafupisha semi za kila siku kwa herufi za mwanzo tu alafu msomaji anaachiwa afumbue mwenyewe kama kitendawili. Mfano N.G. ilikuwa "no go", yani haiendi hiyo, haiwezekani. Utani ukakolea, ikafika mahali kufupisha peke yake hakuchekeshi tena, ndio wakaanza kuyaandika maneno kwa makosa ya makusudi kwanza kabla ya kuyafupisha. Ile "no go" wakaiandika "know go" ikawa K.G. Neno "all right" ambalo ni sawa sawa wakaliandika "oll wright" ikawa O.W. Na "all correct" ambayo maana yake yote ni sahihi wakaiandika "oll korrect", ikawa O.K.

Hebu iangalie hiyo ya mwisho kwa karibu. Inatangaza kwamba yote ni sahihi, na herufi mbili zinazotangaza hivo zote mbili zimekosewa, A imekuwa O na C imekuwa K. Utani wenyewe uko hapo na mi kila nikiutazama naona walikuwa na akili sana hawa watu.

Mahali pa zamani kabisa ambapo OK imeonekana imechapwa ni gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839, mhariri wake akiitwa Charles Gordon Greene. Ilikuwa kwenye habari ndogo ya kutaniana na gazeti la mji mwingine kuhusu safari ya kikundi cha watani waliojiita chama cha kupinga kupiga kengele, na katikati ya sentensi moja ndefu sana mhariri akachomeka o.k. na hapo hapo akaeleza kwamba ni "all correct". Angalia hilo, alieleza. Kwahiyo siku hiyo msomaji wa kawaida alikuwa bado haijui, ilikuwa mpya kama mkate uliotoka kwenye tanuri.

Sasa mpwa wangu jiulize kitu kimoja, zile nyingine zote zimekwenda wapi? O.W. iko wapi leo? K.G. iko wapi? Zimekufa, hakuna anayezijua ila watu wa kuchimbua magazeti ya zamani. OK ikapona, na ikapona kwa bahati. Mwaka uliofuata yani 1840 Marekani walikuwa na uchaguzi, Rais aliyekuwa madarakani Martin Van Buren anatetea kiti, na yeye alizaliwa kijiji kinaitwa Kinderhook kwenye jimbo la New York, wafuasi wake wakawa wanamuita Old Kinderhook, yani mzee wa Kinderhook. Herufi za mwanzo si ndio zile zile? Wakaanzisha O.K. Club huko New York, na OK ikawa kelele ya kampeni yenye maana mbili kwa pamoja, mzee wetu na mambo safi. Wapinzani nao hawakulala, wakaigeuza hiyo OK kuwa matusi ya kisiasa, kila gazeti na kirefu chake cha kejeli, na wakazua na hadithi kwamba Rais wa zamani Andrew Jackson, rafiki yake Van Buren, alikuwa hajui kuandika kiasi kwamba alikuwa anaidhinisha karatasi za serikali kwa kuandika OK akidhani "all correct" ndio inaandikwa hivo. Ilikuwa uongo, lakini umesaidia neno kutembea. Van Buren akashindwa uchaguzi, kiti akachukua William Henry Harrison ambaye aliapishwa mwaka 1841 na hakumaliza hata wiki tano akafariki, ila OK yenyewe ikawa imeshazoeleka nchi nzima.

Alafu ikaja telegrafu. Laini ya Samuel Morse kutoka Washington mpaka Baltimore ilifunguliwa mwaka 1844 na miaka iliyofuata nyaya zikaenda sambamba na reli, na kwenye telegrafu herufi moja ni kazi ya mkono, sasa ukitaka kumjulisha mwenzio wa stesheni nyingine kwamba nimepokea na nimeelewa utaandika sentensi nzima ya nini wakati kuna herufi mbili. Watu wa reli ndio waliotoa OK kwenye utani wakaifanya ya kazi. Treni zinapishana kwenye njia moja, hapo hakuna mchezo, na neno lililotumika kuthibitisha ni lile lile la mchezo.

Msimu uliopita wa korosho nilisimama kwenye ghala moja huku kwetu nikimsubiri mtu, karani anapima magunia, likishuka kwenye mizani na kilo zikawa sawa anachukua chaki anaandika OK kubwa kwenye katani, pale penye mshono, anapiga kofi gunia linabebwa. Nilihesabu kama magunia arobaini hivi nikachoka. Karani yule hana habari na Boston wala Kinderhook, ila alikuwa anaitumia kwa maana ile ile iliyochapwa mwaka 1839, yote ni sahihi, chukua.

Sasa turudi kwa binti yako. Chukua hiyo meseji yake uitazame tena bila hasira. Sisi wa zamani tulipoanza simu tulikuwa tunafupisha kwasababu meseji moja ilikuwa na nafasi ya herufi 160 tu na kila meseji ni hela, ndio ikaja "cjui" na "m2" na "2po" na "k2", ilikuwa ni kubana matumizi. Lakini "xawa" ina herufi nne na "sawa" ina herufi nne! Kaokoa nini hapo? Hajaokoa kitu. "Xana" na "sana" vile vile. Kwahiyo sio uvivu na sio kubana salio, ni mchezo, anaichukua herufi X ambayo Kiswahili chetu hakiitumii kabisa, haina kazi yoyote kwenye alfabeti yetu, anaipa kibarua cha kukaa kwenye kiti cha S. Wale wahariri wa Boston walifanya hivo hivo, K waliyoiweka pale kwenye "korrect" haifupishi kitu, ni C iliyovalishwa nguo nyingine.

Na kuna jambo ambalo naliamini kwa dhati kabisa. Ili ule utani wa Boston uchekeshe ilibidi anayeandika ajue tahajia sahihi na anayesoma naye aijue, vinginevyo ni kosa tu kama makosa mengine. Mtu asiyejua kwamba "sawa" inaandikwa kwa S hawezi kufurahia kuiandika kwa X. Ndio maana mi nakushauri usimfokee kwanza, mpime. Akirudi leo kutoka shule mpe ile ile meseji yake mwambie mwanangu niandikie hii kwa ukamilifu kama unamwandikia mkuu wa shule. Akiandika "Sawa mama, nimefika salama, bibi anasema ahsante sana", na koma zake ziko mahali pake, basi mtoto wako hana tatizo, ana Kiswahili viwili, cha darasani na cha wenzake, na anajua kipi kinakaa wapi. Akikwama, akaanza kukuuliza salama inaandikwaje, hapo ndio una kazi, na kazi yenyewe sio kumnyang'anya simu, ni kumpa vitu vya kusoma. Kwenye mtihani hilo halina mjadala, X ikae nje ya mlango, na naamini hata yeye anajua.

Mi nina mpwa wangu wa Shangani nae ni hivo hivo, siku moja nilimwomba anioneshe kundi lao la shule wanavyoandikiana, nikakuta mwenzao mmoja kaandika "xaxa" mwingine kamjibu "thatha" mwingine kaweka "sasaaa", watatu wanasalimiana neno moja na kila mmoja kaja na vazi lake. Nilikaa nayo ile simu muda mrefu mpaka akaniomba nimrudishie.

SWALI: Mjomba mambo vipi. Mimi fundi simu Lindi mjini. Nimeona watu wanasambaza kwamba OK ni sifuri na K ya "killed", ati vitani Marekani jioni wakirudi kambini kama hajafa mtu wanaandika ubaoni 0 Killed, ndio ikawa OK. Inaingia akilini kabisa. Ni kweli? – Fundi, Lindi

JIBU: Poa fundi. Hapana, sio kweli, na nashukuru umeniuliza maana hiyo hata mimi nilishawahi kuimeza. Vita inayotajwa kwenye hiyo hadithi ni ile ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani iliyoanza mwaka 1861, na OK ilikuwa imeshachapwa gazetini tangu 1839, miaka 22 kabla. Mtoto hawezi kumzaa mama yake.

Na hiyo ni moja tu. Wapo waliosema imetoka kwa Wagiriki kwenye maneno "ola kala" yenye maana ya yote mazuri, wapo waliosema ni kampuni ya biskuti zilizoliwa na wanajeshi zikiwa na herufi za jina la mwenye kampuni, wapo waliosema imetoka lugha ya Wachoctaw ambao ni wenyeji wa asili wa Marekani, wenye neno linalosikika kama "okeh". Rais Woodrow Wilson aliiamini sana hiyo ya Wachoctaw akawa anaandika "okeh" kwenye karatasi za ofisi. Na wapo wataalamu walioleta hoja ya Afrika, kwamba lugha za Afrika Magharibi kama Kiwolofu zina maneno ya kuitikia yanayofanana nayo na watu waliopelekwa utumwani Marekani ndio waliyabeba. Fundi nakwambia ukweli wa moyo wangu, ningependa sana hii ya Afrika iwe ndio yenyewe, ningeisimulia kila harusi. Lakini kufanana kwa sauti hakutoshi, lugha za dunia ni nyingi na sauti za mdomo wa binadamu ni chache, lazima maneno yatakutana tu.

Aliyeikata hii kesi ni profesa mmoja anaitwa Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Huyu mzee alikaa na magazeti ya zamani, karatasi kwa karatasi, na mwaka 1963 na 1964 akatoa makala zake kwenye jarida la American Speech akaonesha mnyororo mzima, huu hapa utani wa vifupisho, hizi hapa ndugu zake OK waliokufa, hii hapa siku ya kwanza kuchapwa, huu hapa uchaguzi wa 1840 ulioibeba. Hakuleta hadithi tamu, alileta tarehe. Na hivo ndivyo asili ya neno inavyotafutwa, unarudi nyuma kwenye maandishi hatua kwa hatua mpaka unapofika mahali ambapo kabla yake neno halipo.

Nikupe mfano wa nyumbani kwako kabisa ili uone. Neno machinga. Nchi nzima leo machinga ni mfanyabiashara mdogo anayetembeza bidhaa au anayepanga chini, na utawasikia watu Dar wanaeleza kwa kujiamini kwamba limetoka kwenye Kiingereza, ati "marching guy", kijana anayetembea tembea. Linaingia akilini eeh? Lakini wewe wa Lindi unajua kwamba Wamachinga ni watu, ni kabila, kwao ni huko huko Lindi, na vijana kutoka kusini walipokwenda Dar wakawa wanauza vitu mkononi watu wakawaita kwa jina la kwao, baadae jina likawa la kila mwenye kazi hiyo hata awe katoka Mara au Kigoma. Kabila lilikuwepo kabla ya biashara. Hiyo ya "marching guy" imetengenezwa nyuma na mtu aliyekuwa hajui kwamba kuna watu wanaitwa hivo. Mi hii inaniuma kidogo kusema kweli, maana ukikubali hadithi ya Kiingereza unakuwa umewafuta wenye jina lao.

Sio kwamba Kiingereza hakituachii maneno, kinatuachia. Kariakoo ya Dar imetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia waliokuwa na kambi pale, wenyeji wakaisikia kwa masikio yao wakaipa herufi za kwao. Kwahiyo kila neno lina kesi yake na ushahidi wake.

SWALI: Mjomba, ni OK au Okay? Na kwa Kiswahili niandike okei au oke? Wanafunzi wangu wananiuliza. – Mwalimu, Masasi

JIBU: Mwalimu zote zinakubalika kwa Kiingereza. OK ni ya mwanzo, ile ya herufi nyingi imekuja baadae watu walipoanza kuiandika kama wanavyoitamka, wakasahau kwamba ilikuwa kifupisho. Kwa Kiswahili tunavyoandikiana utakuta okei na oke, mi napendelea okei maana ndio inavyosikika mdomoni, ila kwenye insha ya mwanafunzi mwambie aandike sawa, neno tunalo na limetulia. Wape na hii wataipenda: tarehe 20 Julai 1969 chombo cha Apollo 11 kilipogusa Mwezi, kati ya maneno ya mwanzo kabisa ya Buzz Aldrin humo ndani mojawapo lilikuwa okei, akathibitisha kwamba injini imesimama.

SWALI: Shikamoo mjomba. Kijana wa boti hapa Mikindani, huwa napeleka wageni kuzamia. Wale waongozaji wanatufundisha chini ya maji tusiinue dole gumba, tufanye duara la vidole. Kwanini, wakati huku juu dole ndio poa? – Kijana wa boti

JIBU: Marahaba kijana. Kwasababu huko chini dole gumba limeshapewa kazi nyingine, maana yake napanda juu, tumalize. Sasa mtu akikuuliza uko salama na we ukamjibu kwa dole, kwake yeye umesema tunaondoka, atakatisha safari nzima na mgeni kalipa hela yake. Duara la kidole cha shahada na gumba huku vidole vitatu vimesimama ndio linasema niko salama, na mzamiaji anauliza na kujibu kwa alama hiyo hiyo moja. Ukiwa mbali juu ya maji vidole havionekani, unagusa utosi kwa mkono ukiwa umekunja kiwiko, au unakunja mikono yote miwili juu ya kichwa iwe duara kubwa, na wewe wa boti hiyo ndio unatakiwa uiangalie sana maana ndio unayooneshwa wewe, mtu akipunga mkono tu anahitaji msaada. Alafu ukiwa nchi kavu kuwa makini na wageni kutoka Brazil, kwao duara hilo la vidole ni tusi, usije ukamwonesha mtu hotelini ukidhani unamwambia chakula kizuri.

SWALI: Mjomba ni mimi tena yule fundi wa Lindi, nimekumbuka kitu. Wateja wangu wengi simu ikileta maandishi yoyote wao wanabonyeza OK hawasomi. Kwanini kila mashine duniani imeandikwa OK, nani aliamua? – Fundi, Lindi

JIBU: Fundi karibu tena, hili ni zuri. Kampuni ya Apple walipokuwa wanatengeneza kompyuta yao iliyoitwa Lisa, ile iliyotoka sokoni mwaka 1983, walikuwa wameweka kitufe cha kukubali kimeandikwa "Do It", yani fanya. Kabla haijatoka wakawa wanawaweka watu wa kawaida mbele ya mashine wanawatazama wanavyoitumia. Ikaonekana kuna watu wakifika kwenye kile kitufe wanasita, wengine wanakasirika kabisa. Kumbe kwa yale maandishi ya kwenye kioo nafasi kati ya maneno mawili ilikuwa ndogo, na herufi kubwa I inafanana na l ndogo, mtu anasoma "Dolt", na hilo kwa Kiingereza ni mpumbavu. Wahandisi wa kampuni hiyo wamesimulia kwamba mmoja wa wale watu aliuliza kwanini mashine inamwita mpumbavu. Ndio wakaitoa wakaweka OK, neno fupi, halichanganyi, na baada ya hapo mashine nyingi zikafuata mkondo huo.

Mi nikiwaza njia lilivyopita hili neno nafurahi sana, kutoka kwa mhariri aliyekuwa anataniana na mwenzie mpaka kwenye kioo cha simu ya bibi wa Nachingwea ambaye hajawahi kusoma Kiingereza.

Kuhusu wateja wako, simu nyingi za sasa ukiingia kwenye mipangilio ukachagua lugha ya Kiswahili pale penye OK panakuja Sawa na pembeni yake panakuja Ghairi. Waulize kama wanataka uwabadilishie, wengine watakataa kwasababu wameshazoea mahali vitu vilipo na usiwalazimishe, ila mama mtu mzima anayeogopa simu yake akiona Sawa anatulia, nimeshuhudia kwa dada yangu. Na ukimbadilishia, kabla hujampa simu yake mkononi, mwoneshe na Ghairi ilipo na umwache aibonyeze mwenyewe mara mbili tatu aone kwamba hakuna kinachoharibika, maana wengi hicho kitufe hawajawahi kukigusa.